Foleni ya Vyuma

Wiki jana, kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kitale, nilikuta foleni isiyo na watu. Wakulima walikuwa wamepanga vyuma vyao chini, jembe la trekta mbele, bawaba za lango nyuma, wenyewe wakaenda kunywa chai. Kwetu chuma chako ndicho kinachokushikia nafasi, na hakuna anayethubutu kukisogeza.

Mzee mmoja kutoka Ndalu hakwenda chai. Alisimama kando ya shafti iliyovunjika ya mashine yake ya kupukuchua mahindi, akitazama mawingu.

"Mahindi yangu yako nje, yatalowa," alimwambia fundi, msichana mwenye miwani nyeusi. "Si mngekuwa wengi, bana?"

"Tulitoka chuo cha ufundi wengi, mzee. Wenzangu waliitwa kazi Eldoret na Nairobi. Huku nimebaki peke yangu."

Zamu ya mzee ilipofika, cheche ziliruka, shafti ikashikana. Mzee aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akavua kofia.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kisha akapiga simu nyumbani, palepale.

"Mama watoto, ile ovaroli ya msichana wetu niliyofungia kwa stoo, mrudishie. Ndiyo, ile ya chuo cha ufundi. Mwambie Jumatatu aende."

Sote hutaka fundi awe karibu, mradi awe mtoto wa jirani. Asante sana, mzee wa Ndalu. Zile bawaba za mwisho kwenye foleni zilikuwa zangu.