Bao nililomwandikia baba: akicheza yeye linaganda, nikicheza mimi haligandi

Wakuu, hamjambo huko mliko. Miaka yote nimekuwa msomaji tu kwenye jukwaa hili, leo naomba nafasi na mimi. Haya yametokea nyumbani kwetu Lipingo, huku Nyasa, na sijatia chumvi hata punje.

Kuna mambo ya C na emulator humu ndani, lakini kama hujui kompyuta usikimbie. Nitaeleza.

Mimi ni binti, nafanya kazi Mbinga mjini, ofisi naomba niiache. Baba na mama wako kijijini, ziwani. Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu.

Baba alipata kiharusi. Mungu alitusaidia akabaki, ila mkono wa kulia ukawa dhaifu na unatetemeka, na maneno yanatoka polepole.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa bao.

Jamani, baba yangu na bao, acheni tu. Siku aliyorudi kijiweni baada ya kuumwa alichota kete, zikamwagika zote mchangani. Wenzake wakaziokota wakamrudishia, hakuna aliyecheka. Nafikiri wangecheka ingekuwa nafuu kwake. Hakwenda tena.

Akawa wa kukaa uani tu. Daktari kasema vidole vifanye kazi, yeye hataki. Mama akanipigia simu akasema, "Baba yako anatutoka huku tunamwona." Nililia chooni ofisini, sioni aibu kusema.

Sasa nyumbani kuna kompyuta moja ya zamani sana, ile ambayo keyboard ndiyo kompyuta yenyewe, unaichomeka kwenye TV ya kichogo. Baba aliachiwa na mwalimu mgeni aliyekuwa akifundisha naye. Mimi kompyuta nilijifunzia pale, nimekaa mapajani kwake.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si umnunulie tablet." Tulia mkuu. Nilimpa simu yangu ajaribu, kidole kikitetemeka kioo kinasoma amegusa mara kibao. Vitufe vya ile mashine vinataka kubonyezwa kweli kweli, na yeye anavijua.

Nikaamua nimwandikie bao humo. Mashine igawe kete yenyewe, yeye achague shimo tu, mpinzani awe mashine au mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaandika programu kwa lugha iitwayo C kwenye laptop, compiler inaigeuza kuwa lugha ya ile mashine ya zamani. Halafu unaijaribu kwenye emulator, yaani programu ya laptop inayojifanya kuwa ile mashine. Ikikubali, unaipeleka kwenye mashine yenyewe kwa sauti, kama kaseti: simu inapiga makelele yake, mashine inasikiliza.

Ilikubali. Nikashuka ziwani nikiwa na furaha, mnisamehe, ya kijinga.

Baba alikaa, nikamwomba atumie mkono wa kulia. Akabonyeza. Kete zikatembea kwenye TV. Akabonyeza tena, akaguna ule mguno wake wa "nimekushika". Mama kasimama mlangoni na ungo wake.

Mara, kimya. Imeganda.

Nikawasha upya. Akacheza vizuri, tukafika katikati, ikaganda tena.

Baba akautazama mkono wake. Akasema, "Ni huu. Huu unaharibu kila kitu."

Nikamwambia hapana baba, ni programu yangu ina kosa. Akanisogezea kiti. "Cheza wewe."

Nikacheza. Mashine ikanifunga, haikuganda. Nikarudia, ikanifunga tena, haikuganda.

"Umeona?" akasema. Kisha akachukua kitenge cha mama akaifunika ile kompyuta kama mtu anayefunika marehemu.

 Nilirudi Mbinga na hasira ambazo sikujua nimpe nani.

Nikafungua emulator. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuisimamisha popote, ukachungulia memory, yaani kumbukumbu yake, ukaenda hatua kwa hatua. Lakini utachungulia nini kama haigandi? Nilicheza mpaka vidole vikauma, iko fiti tu.

Ndipo nikajiambia, we dada, acha kucheza michezo yako. Tafuta mchezo wa baba.

Nikampigia mama. "Mama, muulize baba kete zilikuwa zimekaaje kabla haijaganda, na alichagua shimo lipi."

Wacheza bao wa kweli wanakumbuka, hilo nilikuwa nalijua. Shida ni mama. Mama hajawahi kugusa bao maishani, kwake ule ni mchezo wa wanaume waliokimbia shamba. Siku ile alilitoa bao chini ya kitanda, baba akawa anaonyesha shimo kwa kidole, anataja idadi, mama anaweka kete. Akanipigia picha akatuma, chini ameandika: "Mwalimu anasema ukikosea kupanga atajua."

Picha ile ninayo mpaka leo. Kidole cha baba kimeonekana pembeni.

Nikapanga kete zile zile kwenye emulator. Nikaiambia: kitu chochote kikiandikwa kwenye memory ya bao ambacho si kete inayogawiwa, simama. Nikachagua shimo alilochagua baba.

Ikasimama! Na nikakuta shimo moja lina kete mia na ushee, wakati bao zima lina kete sitini na nne. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kosa lilikuwa hili. Kwenye bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota zote unaanza tena. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu inahama. Mimi niliandika C kama tunavyoongea kijiweni: "unaanza tena". Function, yaani kile kipande cha programu cha kugawa kete, ikawa inajiita yenyewe, na ndani yake inajiita tena, na tena.

Kila ikijiita, mashine inaweka kumbukumbu ya pa kurudi, kama kupanga sahani juu ya sahani. Laptop ina kabati kubwa. Ile mashine ina kakabati kadogo, na mimi bao nililiweka jirani kabisa. Sahani zikizidi, zinamwagikia kwenye bao.

Mimi nacheza vibaya, nalala haraka, sahani hazijai. Baba anajua kuchagua shimo linalozunguka na kuzunguka bila kulala. Yaani mashine ilikuwa inazidiwa na ufundi wake!

Nikaondoa kujiita, nikaweka loop ya kawaida, yaani kurudia pale pale bila kupanga sahani. Mistari michache tu.

Jumamosi nikashuka na programu iliyorekebishwa. "Shikamoo baba." "Marahaba." Hata hakunitazama.

Nikamwekea laptop mapajani. Sikumwambia pole wala nini, nilimfundisha kama alivyonifundisha. Nikaendesha mchezo wangu, akaona sahani zinavyopanda kidogo na kushuka. Nikaendesha wa kwake, akaziona zinapanda, zinapanda, zinaingia kwenye bao. Mwalimu wa hesabu huyo, hakuhitaji maneno mengi. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

 Kisha akasema, "Kumbe si mkono."

Nikasema si mkono, baba.

Mama akageukia ukutani akajifanya anatafuta kitu.

Baba akanyanyuka mwenyewe, akatoa kitenge kwenye kompyuta.

Nilichojifunza: mtu akikwambia "kwangu inaganda", usimjibu "kwangu inakubali" ukadhani umemaliza. Huenda yeye anafika mbali ambako wewe hujawahi kufika. Na yule asiyelalamika, anayejilaumu kimya kimya, huyo mkimbilie kwanza.

Wajuzi wa mashine za zamani mnikosoe, najua kuna njia nadhifu zaidi. Na wenye wazazi waliopata kiharusi naomba mniambie mnawafanyia nini, nawasoma wote.

Nikichelewa kujibu mniwie radhi, niko nyumbani wikiendi hii. Baba ameshabonyeza kwa mkono ule ule, kete zimezunguka weee mpaka zikalala, na sasa ananiita kwa sauti. Anasema ni zamu yangu.