Ufunguo Hautumwi

Siku hizi redio hazina neno jingine: vikoba, hivi vikundi vya kuweka na kukopa, visajiliwe, vikoba visisajiliwe. Wapo wanaosema serikali inawalinda wanyonge, maana viongozi wa vikundi wamezoea kuvuka ziwa na fedha za watu. Wapo wanaosema inatafuta tu pa kuingiza mkono. Sisi wanawake wa dagaa pale ufukweni Kibirizi tuliyabishania hayo kila tulipogeuza dagaa chanjani, na mimi, mwenyekiti wa kikundi chetu, nilikuwa upande wa wakali wasiotaka usajili. Nilisema sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu. Watulinde na nini tena?

Tena tuna mwiko wetu: ufunguo hautumwi. Unakuja na mwenyewe. Akiumwa, mkutano unamfuata nyumbani. Hata mumewe hawezi kutuletea.

Ufunguo wa tatu tulimpa mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi akiwa mgongoni. Tulimchagua kwa sababu hana maneno ya chini chini. Kitambulisho cha taifa alishaomba, akaambiwa asubiri, na bado anasubiri. Katika mji ambao watu hawaachi kumuuliza kwao ni wapi, ufunguo ule ulikuwa jibu lake, na alitembea nao kifua mbele.

Kikundi cha jirani kilipovunjika kwa ugomvi, tuliona bora tujisajili, hata mimi nikakubali. Afisa wa halmashauri akatupangia siku ya kuja kutuona. Hapo ndipo soko la Mwanga lilipoanza kuvumisha kuwa asiye na kitambulisho atatolewa kikundini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza.

Siku ilipofika, badala ya mwenzetu alikuja jirani yake, na ufunguo umefungwa kwenye leso.

"Shikamooni. Amesema mchukue tu, hataki kuwaharibia."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Niliikasirikia sheria, nikalikasirikia soko, na zaidi nilimkasirikia yeye, aliyejitoa kabla ya kutolewa. Sanduku lilikuwa katikati yetu, ufunguo umewekwa juu yake, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Afisa, kijana mpole mwenye viatu visivyopenda mchanga, alitushangaa. "Mama zangu, si mfungue? Ufunguo si huu hapa?"

"Umekuja bila mwenyewe," nikamjibu.

Tukajipandisha Mwanga, nyumbani kwa mwenzetu, kwa miguu, sanduku tukipokezana kichwani, afisa nyuma akifuta jasho. Watu walitoka madukani kutuangalia. Fundi cherehani mmoja akauliza kama tunapeleka mahari.

Mwenzetu alikuwa akichambua maharage mlangoni. Alipotuona alisimama, maharage yakamwagika.

"Amahoro," alitusalimu kwa lugha ya wazazi wake. "Mmeniletea akiba yangu tuachane?"

Nilimgeukia afisa, adabu nimeiacha Kibirizi. "Mwanangu, sheria yako inamtoa huyu? Sema mbele yake."

Alifungua mkoba, akasoma karatasi zake polepole, huku mwenzetu akiushika mlango kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nami niliogopa, nakiri. Nilijua akitoka yeye, kikundi kitabaki jina.

"Vitambulisho vinavyotakiwa hapa ni vya mwenyekiti, katibu na mweka hazina," alisema. "Nani ashike funguo, hilo ni la katiba yenu wenyewe. Nyie semeni, mimi nitaandika."

Tulisema wote kwa pamoja mpaka akaomba tumhurumie. Akaandika kwamba ufunguo hautumwi. Akaandika kwamba mshika ufunguo hatolewi kwa uvumi, ila kwa kikao, naye akiwepo. Alipotusomea, nilisikia raha ambayo sikuitarajia kutoka kwenye karatasi ya serikali. Ule mwiko wetu wa mdomoni sasa ulikuwa na pa kukaa.

Redioni bado wanabishana, na mimi bado nina maswali yangu kuhusu ada na fomu zao. Lakini siku hizi nauliza kwanza, kisha ndipo nafoka.

Mwenzetu alinawa mikono, akachukua ufunguo juu ya sanduku na kufungua kufuli ya tatu. Mkutano ukafanyika pale pale, juu ya maharage. Tulipomaliza, katibu akauliza kama mkutano ujao tuje tena kwake.

"Hapana," alisema, akiufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. "Nitakuja Kibirizi na ufunguo wangu."