Siku Baba Alipochukua Meli Ndogo

Baba alikuwa bingwa wa vita vya baharini katika nyumba ambayo maji yake yaliletwa na punda. Tulihamia Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi watu wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu kodi za Nairobi zilitushinda. Baba alikuwa karani katika shirika moja la serikali, na huko kazini aliokota kitabu kikuukuu kuhusu manowari za zamani, zile za matanga. Alikisoma mpaka kurasa zikaanza kudondoka. Kisha akachora bahari kwa chaki kwenye sakafu ya veranda, mraba kwa mraba, na kila Jumapili baada ya kanisa yeye na Mama walipigana.

Meli zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa kipande cha ubao chenye milingoti mitatu ya njiti za kiberiti na mizinga aliyoichora kwa kalamu kila ubavu. Ndogo ilikuwa nusu ya gunzi la mahindi, na njiti mbili. Sheria ya Baba ilisema mwenye mshahara mkubwa ndiye anayechukua meli kubwa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hivyo alipewa gunzi, na kama alilalamika, hakulalamika mbele yetu.

Upepo haukuwa wa kubuni. Kabla ya kila zamu mimi na dada yangu mdogo tulitumwa kuangalia kamba ya nguo, na jinsi shuka ilivyopepea ndivyo upepo ulivyovuma baharini. Kitengela haijawahi kukosa upepo. Ukitoka upande wa kiwanda cha simiti, nguo zilirudi ndani na vumbi. Ukitoka upande wa machinjio, hakukuwa na haja ya kuangalia kamba.

Vita vyenyewe havikuwa vigumu kuelewa. Meli ya matanga haiwezi kukabili upepo moja kwa moja. Lazima iende mshazari, huku na huku. Mizinga iko ubavuni tu. Nyuma kuna madirisha ya nahodha, na kioo hakizuii risasi. Kwa hivyo meli kubwa hutaka kukaa sambamba na ndogo, ubavu kwa ubavu, imalize kazi mapema. Ndogo ikikubali, imekwisha. Inachotakiwa kufanya ni kuzunguka nyuma wakati kubwa inajigeuza kwa uzito wake, kuvunja madirisha, na kuondoka. Ikifika ukingo wa sakafu, penye ngazi, imeponyoka na ushindi ni wake.

Mama aliponyoka karibu kila Jumapili.

"Huo ni uoga, Mwalimu," Baba alimwambia.

"Huo ni kufika nyumbani," Mama akajibu, akaenda kuweka chai.

Mzee mmoja Mmaasai, jirani aliyekuwa ametuuzia ploti ng'ambo ya barabara, alipenda kuja kutazama. Alikaa kwenye kigoda, rungu magotini, akafuata kila zamu kwa heshima. Siku moja akauliza, "Hiyo maji yote, ng'ombe inaweza kunywa?"

"Hapana, mzee. Iko na chumvi," Baba akamjibu.

"Aa. Kumbe wanapigania chumvi," akasema, akaridhika kabisa.

Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Nyumbani hatukuambiwa kitu, sisi watoto. Jumapili moja Baba alichora bahari yake kama kawaida, akaweka ule ubao mbele ya Mama, akajichukulia gunzi, akaketi. Dada yangu akamwambia amekosea.

"Sijakosea," Baba alisema. "Sheria ni sheria."

Ndivyo tulivyojua kwamba kazi yake imeisha. Mama aliutazama ule ubao kama mtu aliyewekewa mtoto wa mgeni mapajani. Walicheza, na Baba akashindwa upesi, kwa sababu aliliendesha gunzi jinsi alivyozoea kuendesha ubao: alilipeleka moja kwa moja kwenye mizinga.

Baada ya hapo akawa mpole. Alisema tafadhali. Aliomba apitishiwe sukari. Mtu aliyekuwa akibishana na redio sasa alisikiliza taarifa yote ya habari bila neno, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kelele zake. Wiki chache zikapita, akatangaza kwamba anarudi magharibi kulima. Angeenda peke yake, maana Mama alikuwa na kazi na sisi tulikuwa na shule. Angekuja Krismasi. Tuliwajua wale akina baba wa Krismasi. Kila darasa lilikuwa na watoto wao.

Mama hakulia wala hakubishana. "Basi tucheze," alisema. "Ukiponyoka, uende. Nikikushika, unabaki, tunajenga ile ploti."

"Mambo ya boma si mchezo, Mwalimu."

"Miaka yote umeniambia si mchezo, ni vita."

Jumapili hiyo Baba alicheza vizuri. Nadhani alikuwa amefanya mazoezi tukiwa shuleni. Alikaa mbali na ubavu wa Mama, akamzunguka, akavunja madirisha yake mara mbili. Mama alipoanza kujigeuza ili amfuate, tulitumwa tena kwenye kamba. Shuka ilikuwa imegeuka. Upepo sasa ulielekea kwenye ngazi, na ulikuwa mwingi. Nilitaka sana kudanganya, lakini ile shuka ilionekana kutoka verandani, kwa hivyo nilisema kweli.

Miraba miwili tu ilibaki kufika ngazi. Ubao wa Mama ulikuwa mbali, bado unajigeuza. Hata dada yangu wa miaka saba aliona kwamba kazi imekwisha, akaanza kunyonya kola ya gauni lake la kanisani.

Baba alilishika gunzi kwa muda. Kisha akaligeuza.

Akalirudisha katikati ya bahari. Ilimchukua zamu kadhaa, mshazari huku, mshazari kule, maana sasa alikuwa akiukabili upepo, na katika zamu hizo zote Mama hakuusogeza ubao. Alimngoja tu. Mwishowe gunzi likakaa ubavu kwa ubavu na mizinga yote.

"Mzee, unafanya nini?" Mama alimuuliza.

"Napigana."

Sheria ilimtaka anayepiga aseme kwanza analenga wapi: chini, kwenye mbao, ili azamishe, au juu, kwenye milingoti, ili meli isiweze kwenda.

"Milingoti," Mama alisema, akarusha dadu. Ikalala upande aliouhitaji. Baba mwenyewe alizing'oa zile njiti mbili, akazilaza sakafuni.

"Sasa imesimama," alisema. "Zamu ijayo unaweza kuizamisha."

"Siizamishi. Naichukua."

Baba alikohoa. "Meli iliyotekwa inapelekwa bandari ya aliyeiteka."

"Najua."

"Pamoja na watu wake wote."

"Hao ndio nawataka," Mama alisema.

Mpaka leo sijui kama Baba alisahau kukimbia au hakutaka. Sikumuuliza, na nina furaha sikumuuliza.

Msingi ulianza kuchimbwa mwezi uliofuata. Siku ya kwanza, nikitoka shuleni, nilimsikia Baba nikiwa bado barabarani. Alikuwa akimfokea fundi: huu ni mchanga wa wapi, nani alikuambia udongo ni mchanga, unanijengea nyumba ama unanijengea chungu? Nilikimbia kumwita dada yangu aje asikie. Tulisimama nje ya ua tukitetemeka kwa furaha. Fundi alifokewa vilivyo. Mama alikuwa ameketi juu ya mawe ya kujengea, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na hakumwambia Baba apunguze sauti.