Nzi wa Baba Kule Mowlem

Manyunyu yanapoanza kugusa mabati ya jirani, hapa mtaa wa Fedha, Nairobi, ninakoishi sasa, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Si mvua ninayoisikia. Nasikia mabuu wakila. Najua maneno hayo yanaweza kukuharibia chai yako, lakini nivumilie kidogo, kwa sababu sauti hiyo ilikuwa nzuri. Mabuu wengi mno wakitafuna maganda ya ndizi na makombo ya ugali ndani ya beseni hutoa mchakacho mwororo, wa chini kwa chini, kama mtu aliye chumba cha pili anayekunja karatasi laini na hana haraka ya kumaliza. Nilipokuwa na miaka tisa nililala mchana mara nyingi nikiusikiliza, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa bafu kuukuu katika ploti yetu ya Mowlem.

Ploti ile ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyotazamana, ua katikati, na kamba za nguo zilizofanya tuishi chini ya shuka na sare za shule za watu wengine. Wazazi wangu walikuwa wametoka Bungoma kabla sijazaliwa. Mama alikuwa na kibanda langoni, akiuza chai, mandazi na madondo, yale maharagwe ya kuchemsha, kwa vibarua waliokwenda viwandani asubuhi. Baba alikuwa mmoja wa hao wa viwandani, katika kiwanda cha sabuni, mpaka alipoachishwa kazi pamoja na wenzake.

Baada ya hapo baba alilala. Sisemi alikuwa mgonjwa, maana hakuwa na homa. Alilala tu, uso umeelekea ukutani, na mama akirudi kutoka kibandani kuchukua unga alimkuta vilevile alivyomwacha. Mimi niliambiwa baba amechoka. Niliona ni sawa, mtu aliyefanya kazi miaka yote ile lazima uchovu wake uwe mwingi.

Kisha siku moja mzee mmoja wa kanisani kwetu, mfugaji wa kuku kule Kayole, alikuja kumtazama. Alibeba kopo la rangi lililojaa mabuu. Alimweleza baba kwamba kuku wake wanawala hawa kuliko chakula cha dukani, na kwamba hana nafasi ya kuwafuga wengi. Baba aligeuka kutoka ukutani. Aliingiza mkono ndani ya kopo, akauacha humo, akasema, "Wana joto."

Juma lile alimwomba mwenye ploti lile bafu lililokuwa halitumiki tena. Akaliezeka kwa plastiki inayopitisha mwanga, akapanga mabeseni, akaning'iniza chandarua cheupe kutoka juu hadi chini. Ndani ya chandarua ndimo walimoishi nzi waliokomaa kutoka kwa mabuu hao, na hapo ndipo mimi nilipopotelea.

Usiwafikirie wale nzi wa chooni. Hawa walikuwa weusi, wembamba, warefu, wanafanana na nyigu, ila hawaumi. Jua lilipopanda na kupenya kwenye plastiki waliamka wote kwa pamoja, wakaruka wawili wawili ndani ya mwanga, mabawa yakimetameta rangi ya mafuta yaliyomwagika barabarani. Nilikuwa nalala chali sakafuni chini ya chandarua nikiwatazama mpaka nisijue kama ni mimi ninayeelea au ni wao. Baba alinieleza kwamba nzi hawa wakishapata mabawa hawali tena. Chakula chote wanakula wakiwa mabuu, na yale mafuta waliyojiwekea ndiyo huwapeleka siku zao chache za kuruka, kupendana, kutaga mayai kwenye nyufa za mbao, na kuanguka. Hawaji mezani, hawana shida na chai ya mtu.

"Na wale wa kibanda cha mama?" nilimuuliza.

"Hao ni wengine kabisa. Nzi wa nyumbani anaonja kwa miguu. Akitua juu ya andazi anajua ni tamu kabla hajainama. Halafu hana meno, kwa hivyo anatapika kwanza, chakula kiyeyuke, ndipo afyonze. Na miguu hiyo imetoka wapi, hujui."

Nilimwaga sukari sakafuni nikaikanyaga nikiwa peku, nikasubiri. Sikuonja kitu. Nilipata tu sisimizi na kichapo kidogo cha mama.

Mama hakuyapenda mambo haya hata siku moja. Mwanamke anayeuza chakula, mumewe anafuga nzi: hebu yafikirie maneno hayo yakipita kutoka mlango hadi mlango. Vijana wa ploti walinipa jina la Nekesa wa Mainzi. "Niaje Nekesa, mainzi ya buda yako yameamka?" waliniuliza nikienda shule, nami nilijibu kwa upole kwamba bado, yanangoja jua, nikidhani wanataka kujua kweli. Lakini mama alijua kwamba walikuwa wakitucheka. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimwelekea baba peke yake. Akawa anazungumza naye kupitia kwangu, hata wakiwa wamekaa kochi moja.

"Nekesa, mwambie baba yako chakula kiko tayari."

"Baba, mama anasema karibu chakula, amekuwekea nyama kubwa."

"Mwambie mama yako asante."

"Mama, baba anasema hakuna mtu anapika kama wewe."

Nyama ilikuwa ya ukubwa uleule wa wengine. Wote wawili walinisikia, na hakuna aliyenirekebisha.

Mvua ndefu zilipokuja barabara ya kuingia kwetu ikawa tope tupu, na mkokoteni uliobeba taka ukaacha kufika. Ndipo nzi wa nyumbani walipotuvamia. Walitanda juu ya kamba za nguo mpaka kamba zikaonekana nene. Walitua pembeni mwa macho ya watoto waliolala. Mama alifunika mandazi kwa neti, akaning'iniza karatasi ya gundi, akasimama kutwa nzima na kitambaa mkononi akipunga, na bado vibarua walitazama meza yake, wakamtazama na yeye, wakasema watakunywa chai mbele. Asubuhi moja alirudi na mandazi karibu yote. Aliyaweka mezani na sisi tukayala kwa siku mbili.

Halafu Imani akaanza kuharisha. Imani alikuwa mtoto wa jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Kevo, mtoto ambaye hata kutembea alikuwa hajajua vizuri. Nilizoea kumbeba mgongoni. Macho yake yaliingia ndani, na alipolia hakutoa machozi. Mama Kevo alimkimbiza kliniki, wakapewa dawa ya kuchanganya na maji, na aliporudi, akiwa bado na mtoto kifuani, alienda mlango kwa mlango akiwaita watu.

Walikusanyika uani Jumapili baada ya kanisa, wakiwa bado na nguo nzuri. Mwenye ploti naye alikuja, akasimama karibu na lango kwa sababu ya viatu vyake. Mama Kevo hakupaza sauti, na naamini ndiyo sababu maneno yake yaliingia sana.

"Baba Nekesa, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini mtoto wangu nusura anitoke, na wewe uko hapo unafuga nzi. Unataka nifikirie nini?"

Baba alijaribu kueleza. Alisema nzi wake hawaingii nyumbani, hawali, hawabebi uchafu kutoka chooni kupeleka kwenye sahani. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema nzi ni nzi. Mwenye ploti akasema heri bafu livunjwe jioni hiyohiyo, watu wapate amani. Nilimwona baba akiangalia chini, kisha akageuza uso polepole kuelekea ukuta wa mabati.

"Baba Nekesa, nipe jembe."

Aliyesema ni mama. Watu wengine walisikia mwanamke anayeomba jembe. Mimi nilisikia mama akisema na baba moja kwa moja, mbele ya ploti nzima, bila kunituma mimi.

Alichukua jembe, akachukua na kopo kutoka bafuni. Akamwambia Mama Kevo, "Njoo nikuonyeshe kitu. Nikiwa nimekosea, hilo bafu nitalivunja mimi mwenyewe." Akatutangulia nyuma ya ploti, akiwa na gauni lake la kanisani, hadi kwenye mtaro ulioziba. Pale ndipo sote tulipokuwa tukitupa taka tangu mkokoteni uache kuja: maganda, majani ya sukuma wiki, pampas za watoto, na maji ya mboga. Juu palikuwa pamekauka kama mkate. Mama alipiga jembe mara moja akafunua.

Chini kulikuwa na mvuke, na mabuu weupe, wembamba, waliochongoka upande mmoja, wengi kama wali uliomwagika, wakitambaa kukimbia mwanga. Pembeni palipokuwa pakavu palijaa punje nyekundunyekundu, na mama aliipasua moja kwa kucha. Ndani alikuwamo nzi, amekunjwa, mabawa bado hayajafunguka.

Kisha akamimina kopo juu ya gunia. Mabuu wa baba walikuwa wanene, bapa, rangi ya kahawia, wenye pingili kama mkanda.

"Wa mume wangu ni hawa," alisema. "Hawa wengine ni wetu sote, na mimi nikiwemo. Mimi ndiye nimemwaga maji ya madondo hapa kila siku."

Mama Kevo alimhamisha mtoto bega la pili, akainama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita nimshike Imani, akapandisha mikono ya blauzi yake, akauliza kama kuna jembe lingine.

Walifanya kazi mpaka jua likazama. Wanaume walizibua mtaro, lile lundo likafukiwa kwenye shimo refu, likafunikwa majivu na udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Kila mlango ukapata ndoo yenye kifuniko, na makombo ya jikoni yakawa yanapelekwa kwa baba yakiwa bado mabichi, kabla nzi wa nyumbani hajayapata. Nzi hawakuisha kesho yake. Wale waliokuwa tayari na mabawa walizurura wakizeeka, na kwa kuwa hawakuwa na pa kutagia, wakapungua wiki baada ya wiki, mpaka siku moja kamba za nguo zikawa nyembamba tena. Imani alipona. Vibarua walirudi kwa mama, si wote.

Bafu nalo halikudumu. Mwenye ploti aliligeuza chumba cha kupangisha kabla mwaka haujaisha, na baba akahamisha mabeseni yake hadi kwa yule mzee wa Kayole, anakofanya kazi hiyo mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha mama aliyebadili mawazo kuhusu nzi. Mwaka jana nilikuwa kwake nikimsaidia kukata sukuma, nikamuuliza ni lini alianza kuwapenda. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

"Mimi kuwapenda? Mpaka leo nikiwakumbuka nawashwa mwili."

"Basi ulijuaje tofauti yao?"

"Baba yako akienda kutafuta makombo, mimi nilikuwa naingia mle ndani nawaangalia. Nilitaka kujua hao viumbe wana nini." Alikusanya majani, akayakunja pamoja, akaendelea kukata, nyembamba sana kama anavyopenda. "Wewe ulikuwa mdogo. Hukujua mtu akilala vile huwa anaelekea wapi. Kazini kwake kulikuwa na mwenzake aliyelala hivyohivyo, na hakuamka. Mimi nilikuwa nauza chai na roho iko nyumbani. Halafu asubuhi moja nikasikia mlango, nikaona amevaa, anatafuta ndoo. Mbona ningeuliza ni ndoo ya nini?"

"Lakini ulimnunia miezi yote ile, mama."

"Nilimnunia, ndiyo," alisema. "Mtu aliyelala ukimnunia hajui. Alikuwa ameamka."