Msimu Mama Alipoacha Chaki

Nilipoiambia ofisi kwamba naacha kazi nikaandike, mkubwa wangu, mtu mwema ambaye hajawahi kunipandishia sauti, aliniuliza swali moja tu: "Kuandika nini?" Nilikusanya vitu vyangu nikatoka nje, pale Embu mjini, na badala ya kuingiwa na hofu nikajikuta natabasamu peke yangu barabarani. Swali hilo nilikuwa nimelisikia zamani, nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, akiulizwa mtu mwingine. Kesho yake nikaenda nyumbani Kanyakine.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata nyanya, mamake baba, ambaye tuliishi naye boma moja. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuja mwisho wa mwezi na mkate, na harufu ya dizeli iliyokaa kwenye koti lake hata akilivua. Kahawa yetu ililipa ilipotaka kulipa. Mshahara wa Mama ndio uliokuwa mguu wa meza. Sasa fikiria jioni ile, Baba yuko nyumbani, tunakula githeri, mahindi na maharagwe, karibu na moto, na Mama anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amemuaga mwalimu mkuu. Hatarudi muhula ujao. Kuna kitabu amekibeba kichwani tangu akiwa msichana, na anataka kukiandika.

Nyanya aliweka bakuli chini. "Kuandika nini?"

"Hadithi, Mama."

"Hadithi husimuliwa bure. Tangu lini mtu akaacha kazi kwa ajili yake?"

Baba alitafuna muda mrefu. Nilimwangalia mdomo nikidhani kitabu cha Mama kinategemea punje ile ya mahindi. Mwishowe akasema, "Jaribu mwaka mmoja. Ukishindwa, chaki hazijaisha duniani."

Mama akahamia ghalani. Lilikuwa ghala la mbao la kuwekea kahawa, lenye harufu ya magunia na ya buni kavu, na panya waliojiona ndio wenye nyumba. Akaingiza meza, kigoda, na karatasi za fulskapu. Mimi nilitaka sana kuona kitabu kikitoka. Nilikuwa nimeona ng'ombe akizaa na nilidhani patakuwa na kelele kidogo. Basi kila nilipomaliza kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe, nilikwenda kuchungulia kwenye mwanya wa mbao.

Mama alikuwa anaangalia ukuta.

Siku iliyofuata, ukuta. Mara moja moja aliandika mstari, akaufuta, akarudi kwenye ukuta wake. Nilishangaa. Mtu anaandikaje bila kuandika? Nikaenda jikoni kumweleza nyanya, naye bila kuacha kukoroga uji wa wimbi, ule tunaouita ucuru, akajibu, "Ukuta haujawahi kumlisha mtu." Kijijini nako maneno yalitembea. Wengine walisema Mwalimu amefukuzwa. Wengine walisema ni kichwa. Kanisani mama mmoja alimwombea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sukari iliisha nyumbani, tukajifunza kunywa chai yenye chumvi, na nilimsikia nyanya akisema na nafsi yake shambani kwamba hata angekuwa na mkwe mvivu, angalau mvivu hulala.

Kisha ukaja msimu wa kuchuma. Wanawake wa jirani walisaidiana, leo kwetu, kesho kwa mwingine. Alasiri moja walikuwa uani kwetu wakichambua kahawa juu ya magunia, wakitoa mbichi na zilizokauka kabla ya kupeleka kiwandani, mvua ikatufukuza sote ghalani. Tulibanana humo na kahawa yetu, nguo zinatoa mvuke, mvua inapiga mabati. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, akaona zile karatasi mezani.

"Mwalimu, si utusomee hiyo kitu unaandika? Tujue kama ni kazi ama ni ugonjwa."

Wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua karatasi akasoma, kwa Kiswahili, na penye ugumu akageuza kwa Kimeru. Ilikuwa hadithi ya mwanamke wakati wa dharura, zamani za Mzungu, watu walipohamishwa wakafungiwa katika vijiji vilivyolindwa na askari na wanawake wakapelekwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu, ili wapigania uhuru waliojificha msituni wasipate chakula. Mwanamke wa Mama alichimba akilia. Alilia asubuhi, alilia jioni. Vicheko viliisha. Mikono ya wale wanawake ikaanza kwenda polepole juu ya kahawa.

Nyanya hakuinua macho. "Huyo mwanamke wako analia sana," akasema.

Mama akashusha karatasi. "Hamkulia?"

"Askari amesimama hapa na kiboko, utalilia wapi? Tuliimba. Maneno yalibadilika kulingana na mahali askari walipo, ili walio msituni wajue. Ukilia huwezi kuimba." Alitupa punje mbichi pembeni. "Na mtoto umemsahau. Hakuna aliyechimba bila mtoto mgongoni."

"Ulikuwa na mtoto, Mama?" Mama aliuliza kwa upole, kwa sababu sote tulijua kwamba Baba, kifungua mimba, alizaliwa baada ya mtaro.

Mvua iliendelea. Nyanya akachambua punje nyingine mbili. Kisha akasema alikuwa na msichana. Alipata homa wakati wa baridi, na ruhusa ya kumpeleka kwa daktari haikutoka. Alimzika jioni, na asubuhi akarudi kwenye mtaro na jembe. Baada ya hapo watu walirudi mashambani, uhuru ukaja, watoto wengine wakazaliwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Aliitwa nani?" Mama akauliza.

Nyanya akataja jina langu.

Nilikuwa nimeuliza mara nyingi kwa nini sina jina la shangazi yeyote kama wasichana wenzangu. Nilijibiwa kwamba nyanya alilipenda tu. Yule jirani wa kicheko alishika mkono wa nyanya, mikono yote miwili ikiwa na utomvu wa kahawa, wakakaa hivyo.

Kesho yake nilipochungulia, Mama hakuwa anaangalia ukuta. Nyanya alikuwa humo ndani, kibuyu cha ucuru katikati yao, nao wakibishana. "Hapana, jembe halikuwa hivyo." "Hapana, huyo askari alikuwa mtu wetu, mwandike hivyo hivyo." Na kalamu ilikwenda.

Usidhani tulitajirika. Mwaka wa Baba uliisha kabla ya kitabu. Mama alirudi darasani, akawa anaandika Jumamosi. Wachapishaji wa kwanza walikikataa, na wa pili pia. Kilitoka nikiwa sekondari, chembamba, kikachapishwa mara moja tu. Mama alimsomea nyanya chote, sura moja kila Jumapili baada ya kanisa. Kilipoisha, nyanya alikichukua akakipapasa jalada kama anayepima kitambaa, akasema, "Sasa wewe ni Mwalimu kweli."

Ghala halipo tena. Mikahawa iling'olewa, makadamia yakapandwa, na mahali pa ule mtaro pamelimwa viazi. Macho ya Mama hayasomi tena. Nilipomwambia nimeacha kazi, aliniuliza tu kama nina kigoda kizuri. Kati ya wale wanawake wa ghalani amebaki mmoja, yule jirani wa ng'ambo ya kijito. Nilikwenda kumwona. Alinipa mahindi nipukuchue, maana kwake hakuna anayekaa bure, nami nikamuuliza nyanya alikuwa mtu gani kabla ya mtaro.

"Nyanya yako?" Alicheka, na kicheko bado kipo. "Huyo ndiye aliyenifundisha kucheka. Alifukuzwa kwaya kwa kucheka wakati wa maombi."

Niliacha kupukuchua. Nyanya niliyemjua mimi alitabasamu kwa shida, na mdomo umefungwa. Huyo msichana wa kwaya sikuwahi kukutana naye. Alishapotea kabla Baba hajazaliwa, na ndiye ninayemtafuta sasa kila asubuhi, nikikaa kuandika.