Nusu ya Pili ya Boti ya Merrill

Wiki ya tatu hiyo tuko magotini, mimi na Verna Beal, na mstari mmoja tu unatutoa roho. Nje theluji imefika madirishani. Ndani, sakafu ya karakana imepakwa rangi nyeupe, na juu yake tunachora boti kwa ukubwa wake halisi, futi kumi na nne. Unasoma vipimo, unapigilia misumari, unalaza ufito mrefu ukiegemea misumari, ndipo unachora. Ufito ukipinda bila kulazimishwa, mstari umekubali. Wetu ulikataa katakata, kila mara kwenye taruma lilelile, yaani ubavu wa boti.

"Taruma la tano tena!" nikafoka. "Baba yako alipima akiwa amelewa, au?"

"Baba yangu hakuonja hata bia, Dwight. Funga mdomo, shika ufito."

Verna alipika shuleni miaka thelathini na miwili. Nusu ya mji huu imekuzwa na tambi zake za jibini. Alipostaafu akaja kwenye kozi hii ya kujenga boti kwa ajili ya karatasi moja. Marehemu baba yake, Merrill, alijijengea boti ya makasia, akavulia kambakoche maisha yake yote, na ilipooza ikachomwa. Vikabaki vipimo tu, kwenye karatasi hiyo. Kozi hujenga boti moja kila msimu wa baridi, na mwalimu wetu, Hollis, alimwambia wazi: mistari ikikubali kabla ya saa sita mchana Ijumaa, tunajenga ya Merrill. Isipokubali, tunajenga ya mwalimu.

Shida ilikuwa karatasi yenyewe. Kwenye taruma la nne, la tano na la sita, mzee aliandika namba mbili mbili, moja juu ya nyingine. Mara kubwa iko juu, mara iko chini. Hollis akasema mzee alikosea akajisahihisha, chukueni ya chini. Tukachukua ya chini, ufito ukaenda kama nyoka aliyekanyagwa. Tukafuta, tukachora, tukafuta. Magoti yangu yalivimba. Alhamisi Verna akalia kwa hasira, akatupa penseli ukutani, kisha akafanya nililomshauri tangu mwanzo: akachukua katikati ya namba mbili. Ufito ukalala bila kelele.

Ijumaa saa nne asubuhi Hollis akainama, akafumba jicho moja, akautazama mstari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Safi. Jumatatu tunakata mbao."

Nilitaka kucheza! Nikamwambia Verna, "Sasa nenda kavue hilo ovaroli la marehemu baba yako, mama. Kiraka paja moja tu, hata aibu huoni."

Akajitazama. Paja la kulia lilikuwa na kiraka juu ya kiraka. La kushoto jipya kabisa.

"Maovaroli yake yote yalikuwa hivi," akasema taratibu. "Mama alishona paja la kulia tu. Baba alisimama ndani ya boti, akaegemea ukingo wa kulia, akavuta mitego upande huo huo. Kila siku."

"Sawa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliijenga boti nene zaidi upande wa kulia, isilale kwa uzito wake! Namba kubwa ni za kulia, ndogo ni za kushoto. Sisi tumechora nusu moja tu, Dwight!"

Kila mtu huchora nusu moja tu! Nusu ya pili ni pacha wake, ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza. Nikamshika mkono. "Verna, nakuomba. Umeshinda. Nyamaza."

Akachukua kitambaa chenye maji, akaufuta mstari mbele ya macho ya Hollis. Nilimtukana, sifichi.

"Siyo yake hii," akamwambia mwalimu. "Nipe hadi jioni nichore pande zote mbili."

"Nilisema saa sita, Verna. Na mimi sifundishi watu kujenga boti iliyopinda."

Tulipigilia misumari kama wendawazimu. Namba kubwa zote upande mmoja, ufito ukalala wenyewe, wala haukuhitaji kusukumwa. Zilipobaki ndogo, saa sita ikafika. Hollis akaingia na kopo la rangi nyeupe, akaanza kupaka sakafu kuanzia kona ya mbali, ili achore boti yake. Verna akakunja karatasi yake akatoka bila kuaga.

Jumapili akanipigia simu. "Njoo na magoti yako."

Sebuleni kwake hakukuwa na zulia wala makochi. Sakafu ilikuwa nyeupe, rangi bado inanuka. Nikapima kwa hatua, nikachoka kabla ya kuanza.

"Verna, hapa ni futi kumi na mbili. Futi mbili zilizobaki utachora wapi, kichwani?"

Akanyoosha kidole nyuma yangu. Ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu chini, limekatwa kwa msumeno kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na kupitia hapo niliona rangi nyeupe ikiendelea hadi miguu ya jiko.

"Shika ufito," akasema.