Tumefagia msitu

Jamani, leo tumeufagia msitu wa kale wa hapa Mkula. Kwa mafagio ya chelewa!

"Wageni hawapokelewi kwenye uchafu," alisema mwalimu wa klabu yetu ya mazingira.

Mimi nilishasoma kwamba sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hujenga kiota kwa majani makavu. Nilitamani sana wageni wamwone. Lakini niliona haya kusema, nikafagia.

Wageni wakafika. Tukawaamkia.

Mama mmoja akauliza, "Haya wanangu, viota vya sange viko wapi?"

Mwalimu akatazama lundo la majani lililokuwa linafuka moshi, kisha akanigeukia.

"Wewe si ndiye msomaji? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nafagia, mwalimu."

Kesho tunarudisha msituni majani ambayo hayajaungua. Nani ataniazima kiroba?